Bingwa Kakizima Kifaa

Shoga, nimechoka! Kile kifaa chetu cha upasuaji wa matundu madogo, kinachomrudishia daktari hisia za mkono, leo daktari bingwa wetu amekijaribu kwenye ini la ng'ombe.

Akivuta kwa nguvu mno, mpini unamtetemekea kiganjani kumwonya. Ukatetemeka mfululizo, maana alivuta kama anang'oa kisiki.

Unajua alisema nini? "Zimeni hicho kidude, kinanisumbua." Kinanisumbua! Na ni yeye aliyekuwa akitulilia kwamba anapasua bila kuhisi kitu!

Nikazima mtetemo, akavuta tena. Ini likachanika palepale, wakubwa wote wanatazama. Akacheka tu: "Ini lenyewe bovu."

Shoga, kesho anampasua mama yangu. Na mimi ndiye niliyemwambia mama, "Usiogope, mkono wake hauumizi."