Picha Nne za Mlipuko wa Jua

Jumatatu, 6 Machi
Asubuhi kama kawaida: kuitwa majina, kisha kuimba na kucheza ngoma za kukisifu chama, kisha fizikia kama muda umebaki. Mkuu wa idara alicheza kuliko wote. Akili zake zote ziko kiunoni.
Semina ni Alhamisi. Tume kutoka Kinshasa itamchagua mtu mmoja kwenda kusoma Ubelgiji. Mmoja tu. Nisipokuwa mimi, nitazeekea hapa chuoni, assistant tu, mhadhiri msaidizi, nikifundisha watoto wa wakubwa wasiojua hata kugawanya.

Jumanne, 7 Machi
Mada yangu: mlipuko wa jua, lile wingu la gesi linalorushwa angani, hupanuka vipi linaposafiri. Nina picha nne kutoka jarida la Ulaya. Nimezipima kwa rula. Mwanzoni wingu linapanuka haraka. Kwenye picha ya nne, karibu limegoma kupanuka. Nimeandika kurasa kumi na mbili kueleza sababu. Nzuri sana. Hapa hakuna wa kuzielewa.
Michoro mikubwa ya semina nimemwachia Papa Lifoko, fundi wetu wa kuchora. Alichora ramani tangu enzi za Wabelgiji. Shule ya msingi tu. Anavuta mstari mmoja kama mtu anayemnyoa askofu.

Jumatano, 8 Machi
Papa Lifoko hajachora. Amekuja na bikari yake mkononi.
"Assistant, jua ya hii picha ya ine iko kidogo. Alors échelle iko ingine."
Échelle, kipimo cha picha! Nikamwambia kazi yake ni kuchora, si kufikiri. Mbele ya wanafunzi. Wakacheka, wapumbavu.
Alasiri nikajifungia, nikapima. Ni kweli. Waliochapa jarida walipunguza picha ya nne ienee kwenye ukurasa. Duara la jua lenyewe limekuwa dogo, nami nimelipita kama kipofu. Ukisawazisha vipimo, wingu halikugoma hata kidogo. Umbali ukiwa maradufu, upana nao maradufu. Umbo ni lilelile, kubwa zaidi.
Kurasa kumi na mbili za upuuzi. Najidharau. Na namchukia mzee kwa kuwa sahihi.
Nimeandika upya. Kurasa tatu zimetosha.

Alhamisi, 9 Machi
Nilisema vizuri. Ukutani hamna hata msumari, kwa hiyo Papa Lifoko alisimama akishika michoro saa nzima. Mkuu alisinzia, akaamka, akapiga makofi.
Profesa mmoja wa tume aliuliza nani aliona kwamba picha ya nne imepunguzwa. Yeye mwenyewe, alisema, jarida lile lilimdanganya.
"C'est moi."
Neno hilo, ni mimi, limenitoka upesi, kama nilikuwa nimelifanyia mazoezi. Papa Lifoko alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Karatasi haikutikisika mikononi mwake.
Profesa akaandika kitu.

Ijumaa, 10 Machi
Sikwenda chuoni. Nimesema malaria. Uongo.

Jumamosi, 11 Machi
Salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Tumefyeka majani nyuma ya maabara. Saa tatu sekretarieti wakabandika karatasi mlangoni. Jina langu.
Papa Lifoko aliweka panga chini, akafuta viganja kwenye suruali, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akanipongeza.
"Félicitations, mutoto yangu."
Nilitafuta dharau usoni mwake. Niliitaka. Haikuwepo.
Akarudi kwenye majani. Nikafyeka kando yake hadi saa sita.