Ukili Uliobaki Njiani

Mama,

Jana nilipita tena Tsavo na gari la wageni, na kiti cha kando yangu nilikuwekea wewe. Yaani niliuweka ule ukili wako, utepe uliousuka ushonwe mkeka, umezungushwa na kufungwa uzi. Mgeni mmoja, bibi wa Nairobi, akauliza kama ni kamba. Nikamwambia ni barabara. Akacheka, nami nikamwacha acheke.

Hakujua kwamba kila nikivuka bahari kutoka Mokowe kurudi kwako Kipungani, hata viatu sijavua, wewe ushashika miyaa ya mkindu unasuka, umefumba macho, unaniambia, "Haya, nitie ndiani." Basi nakutia njiani kwa maneno. Tunapita Garsen, tunakunywa chai Malindi, tunaingia mbugani kwa lango la Sala, na Mto Galana unakwenda nasi ubavuni. Nikipunguza hata mti mmoja, unafungua jicho: "Hapo umeruka." Na gari lenyewe hujawahi kulipanda. Nilipokwambia ndovu wa kule ni wekundu kwa vumbi, ulinuna kutwa ukidhani nakufanyia mzaha.

Mahali pamoja tu nilikunyima. Mzima, mwisho wa njia yetu mle Tsavo. Tukikaribia nanyamaza, nasema hapo utapaona kwa macho yako. Ukakubali, ila ukasema basi ukili hutaukata wala mkeka hutaushona mpaka ufike. Tukaagana twende baada ya Idi. Ramadhani haikuisha, ukatutoka.

Nina uchungu, Mama. Nikirudi nyumbani siku hizi hakuna anayeniuliza njia, na safari nisiyoisimulia naiona kama sikwenda. Juzi khalati Zena, nduguyo, alitaka kuushona mkeka. Akaupapasa ukili mpaka nchani, akanirudishia.

"Haukwisha huu," akasema. "Mamako hakufika mwisho wa ndia."

Basi fumba macho.

Tuko kwenye mawe meusi, makavu, jua limesimama. Hakuna dalili ya maji popote. Tunashuka garini, tunatembea polepole kwa ajili ya magoti yako, mara kivuli. Mikindu, Mama. Mikindu mitupu, na najua ungesimama hapo kuchagua majani tukachelewa. Chini yake maji yanatoka tumboni mwa jiwe, matamu, si kama ya kisima chetu, na ni maangavu hata kokoto zinahesabika. Kuna chumba kidogo kimezama majini, kina kioo. Tunaingia. Kiboko anapita mbele yetu akitembea huko chini, mzito lakini hana haraka, kama mtu aliyetoka usingizini, na samaki wanamfuata nyuma. Hakuna sauti yoyote.

Hapo ndipo nilipotaka kuuona uso wako. Jana nilikaa mle peke yangu, ukili mapajani, mpaka wageni wakaniita.

Lala, Mama, Mola akupe nafasi na kivuli huko uliko. Ijumaa nitavuka. Khalati Zena atashika miyaa, nami nitaanzia Mokowe mpaka Mzima, asuke kipande kilichobaki. Mkeka ukishonwa tutaswali na kukuombea juu yake. Nakuahidi sitapunguza mti hata mmoja. Na kila kona nitanyamaza kidogo, huenda ukawa na la kusema.