Herufi ya Kuringa

Jumatatu, 7 Julai 2025

Umeme umerudi saa nne. Nimeanza kadi ya harusi ya Dorice, mdogo wangu, niliyemlea tangu mama afariki. Anaolewa na Malale wa Magamba. Nimemchagulia ile aina ya herufi za kompyuta ambayo wateja wa steshenari yangu wanaiita ya kuringa. Imelalia kulia kidogo, nyembamba, mikia mirefu, kama imeandikwa kwa wino na mtu asiye na haraka. Simpi kila mtu. Tangazo la dawa ya ng'ombe — hapana! Ukiwa mbali huisomi. Ni ya kadi, vyeti, na jina la mtu unayempenda.

Nimeijaribu kwa jina la mama kwanza. Monika. Hiyo M! Nimelia kidogo. Mteja wa fotokopi kadhani nina mafua.

Jumatano, 9 Julai

Baba kafika kutoka Karema. Miaka yote hiyo yuko ziwani na mke wake mwingine, hata dagaa hakututumia. Ng'ombe wa mahari wametajwa tu — huyo!

Kakalia kiti cha wateja, kaagiza kadi iandikwe Bwana na Bibi Salvatori. Bibi yupi? Wa Karema! Nikasema mama yetu ana jina. Akasema marehemu haaliki watu. Dorice alikuwepo. Aliangalia kucha zake.

Halafu kataka jina lake lote liwe kwa herufi kubwa. Heshima ya mzee, eti. Wazee wote wanaomba hivyo, na wote nawakatalia kwa upole. Herufi hii, kubwa moja mwanzoni inapendeza. Zikiwa kubwa zote, mikia inaparamiana, inabaki vurugu tupu. Huwa naeleza, naonyesha na mfano.

Leo nimesema: Sawa, baba.

Ijumaa, 11 Julai

Baba kaletewa kadi ya mfano. Kaishika mbali, kaishika karibu. Kasema hilo ndilo jina la mtu mzima. Hakulisoma, kaliangalia tu. Chapa, kasema. Namchukia. Haya, nimeliandika.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika huku mashine ikichapa. Dorice kaja, kaokota kadi ya juu, kaigeuzageuza.

"Dada, hapa pameandikwa nini?"

Baba yako, nikasema.

Akasema wakwe hawataelewa, watauliza ametoka ukoo gani. Nyie mtagombana mpaka lini, akauliza. Nikamwambia narekebisha sasa hivi: jina la baba lisomeke vizuri, na pembeni yake marehemu Monika, si Bibi wa Karema. Kaiweka kadi chini. Halafu, kwa sauti ndogo, kasema baba akikasirika hatamsindikiza kanisani.

Mimi niliyempeleka shule, niliyemshonea gauni la kipaimara — siwezi kumsindikiza? Hayo sikuyasema. Nimemwambia tu achague: ampigie baba amwambie kwamba mama anaingia kwenye kadi, nami nizime mashine; asipopiga, zinatoka hivi hivi.

Katoka nje na simu. Namwona kupitia kioo. Ameishika tu, hapigi. Ana kidevu cha mama, huyu mtoto. Roho inaniuma.

Kadi nyingine imetoka. Na nyingine. Jina la Dorice limependeza mno, linasomeka hata na bibi kizee. La baba ni kama waya wa uzio ulioangukiwa na mti. La mama halipo.

Swichi ya mashine iko hapa, karibu na kiwiko changu. Dorice kageuka, ananiangalia. Sijaizima.