Prosesa ya Shaibu

Shaibu, Myao usiye na haya,

Kwanza usijifanye unashangaa kupata barua kutoka kwa Mngoni. Ulikuwa ukisema sisi tulikuja huku kwa vita tukabaki kwa kuchoka, na kalamu tuliishika kwa kulazimishwa na mapadri. Haya, leo nimeishika mwenyewe.

Ni Jumapili, saa nane mchana. Miaka sita yote, saa hizi ningekuwa nimeshaegesha pikipiki mbele ya kibanda chako cha kutengeneza mabomba ya kupulizia mikorosho hapo Nachingwea, wewe unanawa salfa mikononi, mkeo Zuhura anatuletea mihogo, na kompyuta yetu ya gemu inawaka polepole kama mtu aliyeamshwa kula daku. Leo niko Ruangwa, kwenye nyumba ya shule, na situlii. Nimekaa, nimesimama, nimechungulia nje, nimekaa tena. Tangu uondoke ndivyo nilivyo. Darasani nazunguka mpaka wanafunzi wameanza kuniita Mwalimu Feni. Wanadhani sijui.

Nataka kukueleza habari za prosesa. Najua utasema nimekosa la kusema. Sikiliza kwanza.

Unakumbuka tulivyoinunua ile mashine. Kila kitu nusu kwa nusu, isipokuwa viwili: prosesa uling'ang'ania uilipie peke yako, na mimi kadi ya picha. Ulisema akili itoke kwa Myao, Mngoni alete macho. Mwenye duka kule Kariakoo alicheka mpaka akatuongezea waya wa bure. Miaka ikapita, gemu zikawa nzito, mimi kadi yangu nikaibadilisha mara mbili, wewe prosesa yako hukutaka iguswe. Nikikwambia imezeeka, unajibu, "Mzee hatupwi, anapewa kiti." Halafu mshambuliaji wangu anaganda akiwa amebaki yeye na kipa, na wewe unasema hayo ni mapenzi ya Mungu.

Na ile timu yetu! Wachezaji wote tuliwapa majina ya watu wa mtaani kwenu. Muuza magimbi golini, mpiga debe wa stendi winga ya kulia. Mimi ulinisajili kisha ukaniweka benchi, na misimu yote sikuingia hata dakika moja. Nikakuomba unipange japo mechi ya kirafiki, ukasema kocha hapangiwi timu. Mshenzi wewe.

Halafu ukafa. Nasema hivyo hivyo, maana nimechoka kusema umetangulia. Ijumaa ulinipigia ukilalamika kichwa, huku unatafuta plagi ya bomba la kupulizia mikorosho la mtu wa Mtua. Jumamosi jioni simu yangu ikaisha chaji na umeme haukuwepo. Jumapili nikapanda pikipiki kama kawaida, nikafika kwako nikakuta watu wamekaa kwenye mikeka. Sijazima hata injini, mjomba wako akaniona. Akasema, "Afadhali, mtani kafika." Basi. Hakuna aliyenipa hata nafasi ya kuuliza nini kimetokea. Nilijua kwa kuangalia nani hayupo.

Na kazi ya mtani msibani unaijua. Wengine wanalia, yeye anachekesha. Nikavaa kofia yako ya kazini na aproni yako yenye mafuta, nikajipaka majivu, nikalia kilio cha uongo, nikitangaza kuwa Myao amekufa makusudi ili akwepe kipigo cha Jumapili. Makaburini nikashuka shimoni nikalala. Nikasema hazikwi mtu hapa mpaka aniombe radhi kwa kuniweka benchi. Sheikh akatazama pembeni, mila anaijua. Mle shimoni kulikuwa na ubaridi, Shaibu. Watu juu wanacheka, wananirushia sarafu nitoke, na mimi nimelala mahali pako napima kama patakutosha. Nikaona patakutosha. Nikatoka.

Tuliporudi nyumbani nikaibeba kompyuta kichwani, nikazunguka nayo kati ya mikeka nikisema nimeshairithi. Hata mama yako, Bi Somoe, alicheka akashika mbavu. Wakaniletea jogoo ili niiachie. Jogoo nikampokea, kompyuta sikuiachia. Mjomba wako akasema, "Mtani kachukua, mwacheni." Nikaifunga kwa blanketi kwenye pikipiki nikaja nayo Ruangwa. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri, kila mtu alisema. Msiba wa Shaibu ulichangamka.

Kwenu sikurudi tena. Arobaini nilisema nina mitihani ya kusahihisha. Baada ya hapo nikasema Zuhura yuko eda, si adabu mwanamume kuingiaingia. Visingizio havikunipungukia hata siku moja.

Nikabaki na kazi ya kuifungua ile mashine na kuifunga. Gemu likawa linakwama kuliko ulivyoliacha. Nikaipeleka kwa fundi Kelvin, yule wa karibu na stendi. Akaipima, akasema, "Mwalimu, kadi yako nzima, kumbukumbu inatosha. Tatizo ni prosesa. Umealika wageni mia, jikoni una mpishi mmoja, tena mzee." Akasema akiniwekea ya kisasa itabidi abadilishe na madabodi, ule ubao unaobeba kila kitu, na vingine vyote, bora ninunue kompyuta mpya. Lakini anayo nyingine iliyotumika, yenye nguvu mara mbili ya yako, inaingia mahali palepale. Nimwachie ya zamani, kuna mama wa steshenari anaitafuta ya aina hiyo.

Jambo la dakika ishirini. Mimi nimelifanya miezi minne.

Nilimpelekea mara tatu, mara tatu nikaondoka nayo. Siku moja tulifika mpaka feni imetolewa, ile dawa nyeupe ya kupozea imefutwa, prosesa yako inang'aa pale. Nikasema, "Funika." Kelvin akaniangalia. "Mwalimu, hii ni prosesa au mchumba?" Nikamwambia joto litazidi. Nikamwambia hiyo yake imetumika, nani ajuaye imetumikaje. Nikamwambia ngoja bei ishuke. Mwisho nikapata hoja tamu kuliko zote: prosesa ni mali ya marehemu, ina warithi, siwezi kuigusa bila idhini. Na kwa kuwa mjane yuko eda, siwezi kumuuliza. Nililala vizuri siku hiyo.

Lakini eda nayo ina mwisho wake, ndugu yangu.

Jumapili iliyopita nikaichomoa, nikaifunga kwenye kitambaa cha miwani, nikaitia mfuko wa shati, nikaja Nachingwea. Zuhura amekonda kidogo lakini mzima. Kibanda chako amempangisha fundi viatu, mtu mpole, usimsumbue. Nikaingia na utani wangu mlangoni, nikauliza Wayao gani hawa wanakaribisha mgeni kwa kumtazama. Zuhura akatabasamu, akasema, "Karibu, shemeji. Tulidhani umetususa."

Nikakaa, nikaanza. Nikawaeleza prosesa ni nini na kazi yake nini. Nikaeleza joto, nikaeleza umri, nikaeleza mirathi. Bi Somoe, na Kiswahili chake kile cha sokoni, akanyoosha mkono, nikamwekea kiganjani. Akaigeuza.

"Hii ndiyo inafikiri?"

"Ndiyo, mama."

"Ndogo."

Akanirudishia. Zuhura akasema, "Shemeji, badilisha tu. Mabomba mabovu yalikuwa yamejaa uani kwangu, na kila siku marehemu anachomoa kitu huku anaweka kule. Nikimuuliza, ananiambia kipuri hakizikwi. Mpe huyo mama wa steshenari." Hapo ndipo ningeshukuru, ninywe chai, niondoke. Lakini nikaendelea! Nikasema lakini huenda gemu za mwakani zitaikataa hata hiyo mpya. Nikasema pengine bora niihifadhi mashine kama ilivyo. Nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi, nikaanza tena habari za joto.

Mama yako akanikatiza. "Mwalimu. Wewe, pole nani alikupa?"

Nikamwambia, "Mtani hapewi pole, mama, anapewa jogoo."

Hakucheka mtu. Bi Somoe akasogea kwenye mkeka, akapiga nafasi ya pembeni yake kwa kiganja. "Kaa." Nikakaa. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, kama wanavyoshikwa wafiwa.

"Pole, mwanangu. Pole kwa msiba."

Shaibu, nililia. Nililia mimi, mwalimu mzima, kamasi mpaka kwenye tai. Nililia ya kule shimoni, na ya kwenye mikeka, na ya Jumapili zote. Zuhura akaja na maji akayaweka, naye akakaa chini akalia. Kiswahili cha mama yako kikamwishia, akaendelea kwa Kiyao, ananipigapiga mgongoni. Miaka sita nakuja kwenu Kiyao sijui zaidi ya salamu na matusi uliyonifundisha wewe, na katika yale aliyosema hakukuwa na hata moja ya hayo. Lakini nilimwelewa.

Jumatano nikampa Kelvin. Dakika ishirini kweli, na chai tulikunywa. Ya kwako iko kwenye steshenari ya yule mama, inachapa barua za maombi ya kazi na kadi za harusi, na Kelvin anasema inafanya kazi vizuri tu, kule hawaikimbizi. Yetu sasa haigandi. Nilicheza mechi moja, nikafunga manne, nikazima. Zamani nikifungwa nilikuwa nalaumu prosesa ya Myao. Sasa sina wa kumlaumu, na nikishinda sina wa kumtukana.

Sijatulia bado. Usidhani machozi ni dawa ya kunywa mara moja. Hata barua hii nimeinuka mara tano. Lakini zamani nilikuwa nikisimama sijui naenda wapi, na sasa najua. Nakutafuta wewe. Nimekukosa sana, Shaibu, na hilo sikulisema mahali popote kwa sababu kila nilipofungua mdomo watu walikuwa tayari kucheka.

Na kuna jambo moja sitakusamehe. Tulikuwa na kazi tuliyopeana bila kuandikiana: ukifa wewe nichekeshe msiba wako, nikifa mimi uchekeshe wangu. Yangu nimeifanya, mpaka wazee wakanisifu. Sasa mimi nani atanikatalia nisizikwe?

Jumapili ijayo naja. Mama yako ameniambia mkeka uko palepale. Nitapita kwanza kaburini kwako. Sitavaa kofia ya mtu, sitajipaka majivu, sitakudai radhi ya chochote. Nitakaa chini kama mtu aliyefiwa na ndugu yake, na atakayepita njiani akinikuta nalia, safari hii asidhani ni utani.

Lala salama, Shaibu.

Ndugu yako.