Jina la Saba Kitabuni

Mama Mutheu,

Kitabu cha majina cha chama chetu kiko mezani mbele yangu. Jina lako ni la saba. Nililiandika mwenyewe, kwa ule mwandiko wangu wa ubaoni, na asubuhi yote nimekuwa nikilitazama na kutamani mkono ule ungekuwa wa mtu mwingine.

Utanivumilia nikieleza hata unayoyajua. Ulizoea kuniambia, "Mwalimu, wewe ukiulizwa njia ya kwenda Tawa utaanza na siku barabara ilipochongwa." Ni kweli. Lakini safari hii naeleza kwa sababu nilieleza vibaya kwa miaka mingi, na waliosikia wakaenda nayo makwao wakidhani ni kweli.

Korongo la Kyandue lilianza kula shamba lako mwaka uliofuata kifo cha mume wako. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nikipita ukingoni kila asubuhi nimevaa tai. Nilikuona kule chini peke yako, kiondo mgongoni, kamba yake kipajini, ukibeba mawe na kuyapanga kukata korongo. Mvua ikaja ikayasukuma. Ukayafuata, ukayarudisha. Siku moja nilisimama na wanafunzi wangu nikakwambia, "Mama, mto hauzibwi kwa kiondo." Watoto wakacheka. Wewe ulijifuta jasho ukanijibu bila hasira, "Basi leta kikubwa zaidi."

Sikuleta. Nilienda kufundisha jiografia.

Mvua ya mwisho wa mwaka ule, ukuta wako wa kufika magotini ulishika. Mchanga ukajaa nyuma yake. Kiangazi kilipokuja, wanawake wengine wakitembea nusu siku kutafuta maji, wewe ulifukua mchanga kwa mikono na mtungi wako ukajaa. Wakaja kuona. Kesho yake wakarudi na mawe yao, na baada ya wiki chache waume zao wakafuata wakiwa na aibu kidogo. Mwethya ulikuwepo tangu zamani za babu zetu, watu kukusanyika na kumlimia mmoja leo na mwingine kesho. Ila mwethya huu wa Kyandue, unaojenga kuta mitoni ili kila mtu ateke maji, ulianzia mgongoni mwako. Haukuanzia shuleni wala mkutanoni. Naandika hivyo kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Halafu kikaja kitabu. Tulitaka kuandikishwa kama chama, na afisa wa maendeleo alidai orodha ya wanachama. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Wino ulikuwa umekauka, nikaijaribu kwa jina langu mwenyewe, kwenye mstari wa kwanza. Lilipokaa vizuri, sikulifuta. Wengine wakajipanga. Wewe ulikuwa nyuma ya darasa ukitupikia uji sote, ukaja mwisho, mikono ina unga. Nilikuandika wa saba. Hukujua kusoma, ukaniuliza, "Nimo?" Nikakujibu, "Umo." Ukaridhika, ukarudi kwenye sufuria yako.

Kutoka kwenye kitabu hicho mila zetu zikaota. Majina huitwa kwa mpangilio wake kabla ya jembe kuinuliwa. Aliyekufa hafutwi, jina lake huitwa, na anayemfuata kitabuni humjibia, "Mawe yake yapo." Na mtu wa kwanza kitabuni ndiye anayeweka jiwe la kwanza la kila ukuta. Hakuna aliyelipanga hilo la jiwe. Siku tulipoanza ukuta wa pili mtu fulani alisema tu wa kwanza aweke, nami nikainama nikaliweka. Ningeweza kusema neno. Nimeweka mawe ya kwanza kumi na mawili tangu siku ile.

Ulikuwa na mila yako moja, nayo hukuiandikisha popote: kwamba hata mwenyekiti hubeba. Mara ya kwanza niliposimama kama mwenyekiti, orodha mkononi, ulinitwika karai la kokoto. Tangu hapo hakuna mwenyekiti wetu aliyewahi kusimamia kazi akiwa na mikono mitupu. Hiyo nayo nilikuwa nikiwaeleza wageni kama wazo langu.

Wageni walikuja wengi, unakumbuka, vikundi vya Kitui, vya Sultan Hamud, hata wanafunzi wa chuo. Nilipanda juu ya ukuta nikaanza: mwaka ule niliitisha mkutano pale shuleni. Wewe ulikuwa umekaa juu ya karai lililofudikizwa, ukisikiliza. Siku moja nilikutazama katikati ya sentensi hiyo. Ulikuwa ukitoa mwiba kwenye kisigino. Wageni walipoondoka ulichoniuliza ni, "Wameelewa vile maji hukaa mchangani?" Nikasema wameelewa. Ukasema vizuri. Mpaka leo sijui kama ulinisamehe au uliniona mdogo mno kugombana naye.

Na jambo jingine, ambalo hata wanachama hawajui. Nimefundisha watoto wa kijiji hiki kusoma kwa miaka thelathini na kitu. Jioni za kiangazi tulikaa ukutani mimi na wewe, kukiwa na mchanga laini mbele yetu na vijiti tele. Sikuwahi kukuandikia hata herufi za jina lako. Nilijiambia umezeeka. Hukuwa umezeeka. Niliogopa siku utakayofungua kitabu.

Ndipo ukafa, nami nikasoma historia ya chama kwenye mazishi yako. Ile ile. Nilisema, mbele ya jeneza lako, kwamba tumempoteza mwanachama wetu wa saba, mpishi hodari wa uji. Mutheu wako aliinua kichwa akanitazama. Hakukunja uso, alinitazama tu, kama unavyomtazama mtu aliyevaa shati lako kwa kukosea. Nikaendelea kusoma mpaka mwisho.

Sasa nikupe habari. Jumamosi iliyopita tulienda kuanza ukuta mpya upande wa Mbumbuni. Wayua, katibu wetu, akaita majina. Alipofika la saba akasita, kisha akaliita. Muthoka ndiye wa nane, kwa hiyo ndiye aliyekujibia. "Mawe yake yapo," alisema, na sauti yake ikakatika, yule Muthoka anayecheka hata akidungwa sindano. Majina yakaisha. Wakaniachia njia niende kuweka jiwe.

Nililishika, Mama Mutheu. Mgongo ukakataa kuinama. Nikaliweka kando nikawaambia yote: kiondo, vicheko vya watoto, kalamu iliyokauka, kitabu. Niliongea muda mrefu, unanijua. Nilipomaliza nilingoja washtuke.

Hawakushtuka. Muthoka aliegemea sepetu yake akasema, "Mwalimu, sisi tulijua. Si tulikuwepo?"

Nikamuuliza mbona hawakusema.

"Mama Mutheu alitukataza. Alisema tukuache, utafika mwenyewe."

Na mama mmoja nyuma akaongeza, "Lakini umekawia. Tulidhani utatuzika wote kwanza."

Wakacheka. Kilikuwa kicheko kile kile cha wanafunzi wangu pale ukingoni, ila sasa mimi ndiye niliyekuwa chini korongoni. Kumbe kwa miaka yote hiyo, kila nilipopanda ukutani kueleza, watu wazima thelathini walikaa kimya na kunistahi, kama mtoto anayesimulia ndoto yake. Nilidhani ninalinda siri. Wao ndio walionilinda, kwa amri yako.

Nikaomba Mutheu aweke jiwe pale pale. Wayua akakataa. Alisema kitabu ndicho kinachosema nani anaweka jiwe, na kama kitabu kimekosea, aliyekiandika akiandike upya, chote, kwa mkono wake, si jina moja la kubandika juu. Basi siku ile tulichimba msingi tu, na lile jiwe limebaki kwenye majani likitungoja.

Ndiyo kazi niliyo nayo wiki hii. Nimenunua kitabu kipya chenye jalada gumu. Vidole vyangu vinatetemeka siku hizi, na mwandiko si ule wa ubaoni tena. Mistari inapanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Safari hii sikujaribu kalamu kwa jina langu. Mstari wa kwanza ni wewe, jina lako kamili, la ubatizo na la Kikamba. Wa pili ni mimi. Nilipomaliza mistari hiyo miwili ndipo nikakumbuka mila: anayemfuata marehemu kitabuni ndiye anayemjibia. Kila Jumamosi ya kazi, mpaka siku na mimi nitakapojibiwa, ni juu yangu kusimama na kusema kwamba mawe yako yapo. Nilidhani ninashushwa mstari mmoja. Sikujua ninapewa kazi, tena kazi ambayo sikustahili.

Barua hii nitakuja kukusomea kwa sauti hapo ulipolala, kwa kuwa nilikunyima namna ya kuisoma mwenyewe. Mutheu amesema atakuja nami. Halafu Jumamosi tutaenda Mbumbuni. Jiwe la kwanza ataliweka yeye kwa niaba yako, na mimi ndiye nitakayemletea kutoka kwenye majani mpaka msingini. Nimeshaazima kiondo. Nitaliweka ndani, nifunge kamba kipajini, na nishuke nalo polepole mbele ya watu wote.

Pumzika, Mama. Wayua akiita jina la kwanza, sikiliza. Nitajibu.

Wa pili wako kitabuni,
Mwalimu Nzioka