Simu Inayouliza Maruweruwe

Namuwongo, Kampala

Mama yangu mzazi,

Jambo sana, na pole kwa mvua zote zilizokunyeshea huko Uvira bila mimi kuwapo. Goti linakusumbua bado? Na dada Neema, amesharudi sokoni tangu ajifungue? Sisi huku tunapumua. Watoto wanaongea Kiganda hata kunishinda. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mtandao wa huko hukatika kila nikianza kusema, na habari hii sitaki ikatike katikati.

Nilikuambia zahanati ilinipa kazi ya kuzungumza na wajawazito kwa sababu najua Kiswahili. Basi walinipa na simu kubwa. Ndani mna maswali. Unamuuliza mwanamke, unabonyeza ndiyo au hapana, mwishoni inatoa rangi: kijani aende nyumbani, nyekundu hospitali sasa hivi. Mimi niliyeishia darasa la sita nilijiona daktari! Nikipata nafasi nilikuwa naifungua tu, nione imejuaje mambo hayo yote.

Mwezi uliopita akaja Akello, mke wa askari, mtu wa kaskazini, mimba ya miezi minane. Kiswahili chake ni kile cha kambini. Nikamsomea kama ilivyoandikwa: "Je, unaona maruweruwe?"

"Hapana," akasema haraka.

"Kichwa kinauma sana?"

"Kidogo tu. Ni jua."

Simu ikataka presha. Betri za kipimo chetu zilikuwa zimekufa tangu Jumatatu, nikabonyeza pa kuruka swali, nayo ikakubali. Kijani. Nikamwambia, "Nenda mama, uko salama."

Akasimama. Akatafuta kandambili zake kwa mguu, akapapasa, akakosa, na zilikuwa mbele yake kabisa.

"Akello, keti kwanza. Macho yako inaona namna gani?"

"Kuna kitu kama nzi nyeupe, inaruka-ruka. Tangu juzi."

"Mbona ulisema hapana?"

Akaona haya. "Ile neno sijui. Nilifikiri unauliza kama mimi naona mashetani. Mimi ni mtu wa kanisa."

Nikafuta hapana, nikaweka ndiyo. Palepale simu ikawa nyekundu: usimwache peke yake, mwite muuguzi. Mama, nakuambia ukweli, bila ile simu ningempa maji na kumlaza kivulini. Sikujua kwamba macho yanaweza kutangaza ugonjwa wa mimba. Labda wewe mkunga ulijua siku zote. Sikuwahi kukuuliza.

Muuguzi wetu, Sista Nakato, akaja na kipimo cha zamani cha kupampu kwa mkono. Akapima mara mbili, akasema presha imepanda sana. Akamdunga sindano. Simu ikapeleka taarifa hospitali kubwa kabla hata hatujapata gari, na daktari akajibu kwamba wanatusubiri. Lakini gari haliingii kwenye vichochoro vyetu. Tukamkalisha Akello kwenye kiti cha plastiki, mimi na wauza mboga watatu, tukambeba mpaka ng'ambo ya reli.

Walimpasua siku ileile. Mtoto wa kike, mdogo sana, lakini analia kama mwenye nyumba. Akello mwenyewe hakuona vizuri kwa siku mbili. Siku ya tatu akaniambia gauni langu limepauka, nikalia kwa furaha.

Mumewe alikuja na sare yake. Akaichukua simu, akaigeuza-geuza. "Hii kitu iliona bibi yangu namna gani?"

"Haikumwona, afande. Iliuliza tu. Na mimi niliuliza vibaya."

Basi neno lile likaniwasha. Nikawarudia wanawake wote niliowapa kijani, mlango kwa mlango, safari hii kwa maneno yao. Mama Nuru, Mkongo mwenzetu anayeuza vitenge, alicheka: "Nilidhani unaniuliza kama nimerogwa!" Lakini mmoja, mpika chapati wa Kabalagala, alikuwa akiumwa kichwa wiki nzima na hakutaka kunisumbua. Sasa anameza vidonge vya presha, anaendelea vizuri.

Nilimweleza dada wa ofisini anayeandika maswali ya simu. Nilidhani atanifukuza. Akatoa daftari, akasema, "Niandikie wanavyosema wenyewe." Hata kipimo kimepata betri, na pale pa kuruka wamepaondoa.

Kwa hiyo nakuomba msaada, Mama. Mtoto akipunguza kucheza tumboni, wanawake wa huko wanasemaje? Na maumivu ya chini ya mbavu wanayaitaje? Hayo nitampelekea dada yule. La tatu ni langu mwenyewe: mwanamke akilielewa swali vizuri kabisa, lakini mama mkwe ameketi pembeni yake, wewe ulikuwa unamuulizaje? Nimeitafuta simu yote, hilo halimo.

Nisalimie Baba mdogo anayekusomea barua hii, asiruke mstari. Msalimie Neema na kichanga chake, shangazi wa kanisani, na jirani yetu fundi baiskeli. Barua anakuletea mume wa Mama Nuru. Usimwache aondoke bila jibu, hata kama ni maneno matatu.

Ni mimi binti yako anayekupenda,

Furaha