Kivuli cha Lori

Jumatatu, 9 Februari
Malori mawili ya konkriti kutoka Lodwar. Tunajaza msingi wa darasa, hapa Kakuma. Kazi yangu ni ile ile: nalizunguka lori na bendera, nahakikisha nyuma hakuna mtu, ndipo namwita Abdi, dereva, arudi nyuma hadi ukingoni mwa msingi. Wauza chai walikuwa wamejibanza kwenye kivuli cha lori. Kingine hakuna. Nikawaondoa. Mama Esinyen, mmoja wao, akacheka, akanisalimu kwa Kiturkana. "Ejok, askari."

Jumanne, 10 Februari
Joto la kuchoma. Wekesa, msimamizi, anafoka tangu asubuhi kwamba konkriti itagandia njiani. Amenichosha.

Jumatano, 11 Februari
Lori la pili lilichelewa. Wekesa alinipigia kelele, nami sikulizunguka. Nilisimama ubavuni, nikapunga bendera. Abdi akarudi nyuma. Nikasikia birika likipondwa. Nikapiga bodi ya lori kwa viganja vyote viwili, likasimama. Mama Esinyen alikuwa amelala pale nyuma, tairi iko karibu na shanga zake. Mzima. Abdi alishuka, akakaa mchangani.
"Dada, mimi naangalia mkono yako tu. Nyuma sioni."
Wekesa alinihimiza, lakini bendera ilikuwa mkononi mwangu. Nina aibu.

Alhamisi, 12 Februari
Leo nimekataa. Lori la kwanza lilipofika nilisimama nyuma yake, nikamwambia Wekesa halirudi hata hatua moja mpaka wamama wapate kivuli chao. Akasema nitafute kazi kwingine. Pipa la lori linazunguka, konkriti inazidi kuwa nzito. Niliogopa. Sikusogea.
Kwetu Turkana nyumba hujengwa na wanawake. Mama Esinyen hakungoja ruhusa. Yeye na wenzake wakachimbia miti, wakafunga fito, wakaezeka majani ya mkoma. Abdi naye akashika mti mmoja. Wekesa aliangalia saa tu. Walipomaliza, wote wakahamia huko. Nikalizunguka lori, nikapunga bendera. Konkriti ilishuka vizuri.

Ijumaa, 13 Februari
Malori matatu. Nimeyazunguka yote. Chini yake mchanga mtupu.
Wekesa hajasema lolote kuhusu kazi yangu. Saa nne alikuja kunywa chai pale kivulini, akakaa karibu nami.
Mama Esinyen amelinyoosha birika lake kwa jiwe. Linavuja kidogo. Alinimiminia kikombe cha kwanza.